Amana ya Mzungu wa Visima

Kila asubuhi Abdille Dagane alipoiwasha kompyuta ya kamati, alivuta kiti nyuma hatua mbili, akaketi mikono juu ya magoti, akangoja wageni waingie.

Aliyetangulia alikuwa saa, duara kubwa lenye mishale, inayoonyesha wakati wa nchi ya mbali ambako kulikuwa bado giza. Nyuma yake kalenda. Halafu karata, zimejipanga kwa mchezo ambao Abdille hakuwahi kuucheza. Halafu ramani ya visima vyote kutoka Banissa mpaka Ijara, ikijichora mstari mmoja mmoja kama mwanamke anayeshona mkeka. Halafu jedwali refu la vipimo vya maji. Halafu ile programu ya faksi, ambayo ilitafuta laini ya simu, ikaikosa, ikakaa dakika tatu nzima ikisikiliza kimya, ndipo iulize kama ijaribu tena. Wa saba na wa mwisho alikuwa karatasi nyeupe ya kuandikia, tupu.

Hakuna aliyewaita. Mashine ilipozimwa na kuwashwa tena, walikuja wenyewe, wote saba, kwa mpangilio uleule. Na mashine yenyewe ilikuwa dhaifu, ya zamani, haiwezi kubeba mizigo saba kwa mpigo. Ilikokota miguu. Abdille alingoja hadi wa mwisho aingie, kisha akawafunga mmoja mmoja kwa adabu, kama mtu anayewasindikiza watu mpaka mlangoni. Ndipo aanze kazi. Dakika ishirini na tano zilikwenda hivyo kila siku, na hakulalamika.

Watu wa Garissa walimwita Abdille Taip. Kwa Wasomali mtu asiye na jina la utani ni kama hajazaliwa, na hili alilipata kihalali. Alizaliwa upande wa Habaswein, akasoma mpaka darasa la nne, ukame ukala mifugo ya baba yake, shule ikaishia hapo. Alikwenda kufagia jiko katika kambi ya askari. Karani mmoja wa kule alikuwa na taipureta mbovu, isiyotoa herufi moja sawasawa, akampa achezee. Miezi sita baadaye kijana alikuwa anapiga taipu kuliko karani. Basi akaweka meza barazani karibu na posta, akakaa hapo zaidi ya miaka ishirini. Wafugaji walikuja na mashtaka yao na maombi yao. Walisema Kisomali, vidole vyake vikatoa Kiswahili, papo hapo, bila kuandika kwanza kwa mkono. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Makarani wengine waliandika kwa kalamu, wakasahihisha, ndipo wapige. Yeye hakujua kalamu ni ya nini. Watu walisema vidole vya Taip vina masikio.

Mwaka wa tisini na sita, wakati wa ukame, shirika moja la wageni lilikuja kuchimba visima, nalo likamwajiri. Bosi wake alikuwa mzungu mrefu mwenye kichwa chekundu kwa jua, ambaye watu walimwita Mzungu wa Visima na jina lake la kweli likasahaulika. Yeye ndiye aliyemwonyesha Abdille kompyuta, lakini alimwonyesha kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kwenda msikitini: pita hapa, pita hapa, umefika. Vichochoro hakumwonyesha.

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata shirika lilifunga kazi. Mzungu aliiacha mashine kwa kamati ya misaada ya mji. Siku ya kuondoka alimshika Abdille mkono, gari limeshawaka, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Hii nakuachia, itumieni. Vitu vyangu viko ndani. Vitunze."

Pengine alisema tu, kama watu wanavyosema garini. Lakini aliyeambiwa alikuwa mtoto wa Dagane.

Zamani, Abdille akiwa mdogo, msafiri wa kutoka Mandera alipita kwenye boma lao akiwa na ngamia jike aliyeumia mguu. Alimwacha kwa Dagane, akasema nikirudi nitamchukua. Hakurudi mwaka huo wala wa pili. Ngamia akapona, akazaa, akazaa tena. Ukaja ule ukame mkubwa, ngamia wa Dagane mwenyewe wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na mama yake Abdille akaomba wamchinje jike wa msafiri ili watoto wapate kula. Dagane alikataa. Alisema ngamia wa mtu hafi kwa kisu chake. Mwaka wa kumi msafiri alitokea, ndevu nyeupe, akaoneshwa wanyama watano mahali alipoacha mmoja. Alilia. Aliondoka na wanne akaacha mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyetolewa mahari Abdille alipooa.

Mtu aliyelelewa kwa hadithi hiyo huwezi kumwambia afute vitu vya watu.

Na kweli aliambiwa. Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokuwa zimeanza tu na watu bado wanazifurahia, Nasteha alikuja ofisini kuomba karatasi. Nasteha alikuwa binti wa jirani, Madina, umri wake kama miaka ishirini na miwili, amejifunza kompyuta Eastleigh, amerudi kufundisha wasichana wenzake katika chumba kimoja nyuma ya soko. Aliwakuta wageni ndio wanaingia. Alisimama nyuma ya kiti, akahesabu, akacheka.

"Adeer, mbona unawaacha wote hawa wafunguke?" Adeer ni baba mdogo, na kwa desturi yao mzee naye humjibu mtoto kwa neno hilohilo. "Naweza kukufutia sasa hivi. Dakika moja tu."

Abdille aliweka kiganja juu ya mausi, akaifunika yote.

"Si vyangu, adeer."

"Vya nani basi? Mwenyewe hata hayupo."

"Ndiyo maana."

Nasteha alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, alichukua karatasi yake. Mlangoni akageuka akasema, "Haya, chunga ngamia wako," akaenda zake. Abdille alicheka pia. Lilikuwa neno zuri, akalirudia nyumbani.

Mvua haikukoma. Watu waliofurahi mwezi wa kumi na moja, mwezi wa kumi na mbili walikuwa wanatafuta pa kukanyaga. Mto Tana uliacha njia yake ukaingia mashambani, kisha mitaani. Barabara ya Nairobi ilikatika, ya Habaswein ikakatika, malori yakazama matope mpaka kwenye vitasa vya milango. Mbuzi waliokufa walielea na matumbo yao yamevimba. Upande wa Ijara, kaya mia na kumi na mbili zilikimbilia kwenye kilima kimoja cha mchanga na maji yakazizunguka. Miongoni mwao alikuwa Saynab, dada yake Abdille wa pekee, aliyefiwa na mume, na watoto wake wanne.

Kamati iliahidiwa ndege ya unga na shirika jingine la misaada. Sharti lilikuwa orodha: jina la kila mkuu wa kaya, limepigwa chapa, limetiwa muhuri wa kamati. Jina moja, gunia moja. Pasipo jina hapana gunia, maana vilima vilikuwa vingi na unga ulikuwa kidogo.

Kule kilimani kulikuwa na redio moja ya mawasiliano, ile ambayo Wasomali huiita taar, inayokula betri ya gari. Aliyeiendesha ni kijana anayeitwa Mahat. Jumamosi na Jumapili, wiki ya kwanza ya Ramadhani, Mahat alisoma majina, na Abdille akaketi kati ya redio na kompyuta, sikio moja huku, vidole huku. Sauti ilikuja na kwenda kama mtu anayesema ndani ya pipa. Kaya zilisomwa kama zilivyojipanga juu ya kilima, Wasomali na watu wa mtoni wasemao Kioromo wamechanganyika, maana maji hayakuuliza mtu ukoo. Abdille hakuandika hata jina moja kwa kalamu. Kwa nini aandike? Alipiga moja kwa moja, kama alivyopiga maisha yake yote. Jumapili jioni alikuwa na majina mia na kumi na mbili, yamehifadhiwa ndani ya mashine. Alitaka kuyachapa, ila Kulow, mwenyekiti wa kamati, alimwambia angoje mpaka siku ya ndege ijulikane, kwa sababu karatasi zilikuwa zimebaki chache na tarehe lazima iandikwe juu.

Jumatatu mambo matatu yalikuja pamoja. Habari kwamba ndege ni Alhamisi saa nne asubuhi. Redio ya Mahat ikanyamaza, maji yamefika kwenye betri. Na umeme ukaanza kugawanywa, kwa kuwa mitambo ya mji ilikunywa dizeli, na dizeli ilikuwa imelala matopeni njia ya Nairobi. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Wakati mwingine haikufika nusu saa.

Hapo ndipo Abdille alipoanza kufanya hesabu ambayo hakuwahi kuifanya. Mashine ikizimika ghafla, ilipoamka ilijikagua kwanza, kama mtu aliyeanguka anavyojipapasa mifupa. Dakika kumi. Wageni, ishirini na tano. Kufungua orodha, kuchapa, kumi nyingine. Arobaini na tano. Umeme, thelathini.

Jumanne asubuhi alidhani atawahi. Mashine ilijikagua. Saa ikaja, kalenda ikaja, karata zikaja. Ramani ilikuwa inachora kisima cha Banissa umeme ulipokatika. Jioni alijaribu kuwafunga wageni kadiri walivyoingia, asingoje wote. Ikawa vibaya zaidi. Kila alipobonyeza, kile kichupa cha mchanga cha kumwambia mtu angoje kilitokea kwenye kioo na hakikuondoka, mashine ikaganda kama punda aliyekataa daraja. Giza likaikuta hivyo.

Aliketi mbele ya kioo cheusi akiona uso wake mwenyewe. Majina yalikuwa mle ndani, yote, mkono mmoja kutoka kifuani kwake. Hakuna aliyeyaiba wala kuyachoma. Yalikuwa nyuma ya karata na saa ya watu.

Jumatano Kulow alikuja ofisini na kanzu yake ameipandisha mpaka magotini kwa ajili ya maji. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa ulimi mkali na moyo usio mbaya.

"Taip, ndege ni kesho. Karatasi iko wapi?"

"Iko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya mashine."

"Na mashine ina nini?"

"Ina wageni," alisema Abdille, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake alitamani alimeze.

Akamweleza. Kulow alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake. Aliuliza kama hakuna dawa. Abdille, kwa kuwa hakuzoea kusema uongo, alimwambia dawa ipo: Nasteha alisema anaweza kuvifuta kwa dakika moja, na yeye alikataa kwa sababu ni amana.

Kulow hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Walaal, ndugu yangu," alisema, "Saynab yuko juu ya mchanga na watoto wanne. Anafunga saumu na hajui atafungua na nini. Wewe hapa unamlindia mzungu saa, inayomwambia huko kwao ni saa ngapi. Kwao hawana saa?"

Abdille alichukua fimbo yake, akatoka. Njiani, maji yakimfika kwenye goti, alifanya jambo ambalo baba yake hakulifanya hata katika ukame mkubwa: aliamua kuila amana. Alisema moyoni kwamba atajibu mbele ya Mungu, na mzungu akirudi atamlipa chochote atakachodai. Alipiga hodi kwa Madina akiwa amekwisha kuyapanga maneno. Nasteha, njoo ufute.

Madina alitoka na mtungi mkononi. Nasteha hayupo, alisema. Alikwenda Habaswein kwenye harusi ya binamu yake kabla ya barabara kukatika, na tangu hapo wamesikia habari zake mara moja tu, kwamba yu mzima. Alimwuliza Abdille kama kuna neno. Abdille akasema hapana, hakuna neno, na akasimama pale kizingitini muda mrefu kuliko inavyofaa, kama mtu aliyesahau nyumba ni ya nani.

Jioni ile, baada ya kufungua saumu kwa tende mbili na maji, alijaribu kufuta mwenyewe. Hakujua pa kuanzia. Alijua kupita, hakujua vichochoro. Umeme ulidumu dakika ishirini. Wageni walioingia walikuwa watatu. Kwa mara ya kwanza aliwachukia, akanyoosha kidole akaigusa ile saa kwenye kioo, kwa nguvu, kana kwamba ingeanguka. Haikuanguka. Kioo kilikuwa na joto, kisha kikapoa.

Alhamisi umeme ulikuja saa mbili kamili. Kulow alisimama nyuma ya kiti. Kujikagua. Saa. Kalenda. Karata. Ramani ilijichora mpaka mwisho, Abdille akaanza kuomba kimoyomoyo. Jedwali likaja. Ikaja faksi, ikatafuta laini ya simu. Laini zote za mji zilikuwa zimelala majini, lakini nani wa kuiambia? Ikasikiliza. Dakika moja. Dakika mbili. Saa mbili na dakika ishirini na sita taa ya dari ilizimika, na kioo nacho.

"Kalamu," alisema Kulow. "Chukua kalamu. Si una masikio vidoleni?"

Walikwenda kiwanja cha ndege na karatasi za shule. Pale, juu ya boneti ya gari, Abdille akaandika kwa mkono orodha yake ya kwanza tangu darasa la nne. Mwanzoni majina yalikuja kwa urahisi. Aliwafuata watu ukoo kwa ukoo, fulani bin fulani bin fulani, kama alivyofundishwa kuhesabu mababu kabla ya kufundishwa kusoma. Saynab alikuwa wa nne. Ndugu za mumewe, na ndugu za ndugu. Alipofika arobaini mkono ulipunguza kasi. Alipofika hamsini alikuwa anafumba macho kusikia sauti ya Mahat ndani ya pipa. Guracha, lakini Guracha wa nani? Aliwasikia akina Galgallo watatu, akamkumbuka mmoja na jina la baba yake, wawili wakabaki hewani. Watu wa mtoni hawakuwa kwenye mti wa mababu zake, hapakuwa na tawi la kuwashika.

Alipofika sitini na moja alisimama. Alitazama karatasi akaona alichokifanya. Hakuwa amekusudia, wala hakuna ambaye angemlaumu, lakini ilikuwa orodha ya jamaa zake.

Mama wa shirika aliyesimamia magunia aliikubali orodha ya mkono kwa sababu ya mafuriko, alipoona muhuri. Ila alikuwa amesema mapema, na Abdille alimsikia: jina moja la uongo likipatikana, kilima kizima kitafutwa kwenye mgao. Kulow aliinama sikioni mwa Abdille akasema abuni, aandike tu majina, atie akina Galgallo kumi na akina Guracha kumi, nani atawajua. Na Abdille alitaka. Aliishika kalamu juu ya mstari wa sitini na mbili mpaka wino ukatoa tone. Kama angejua kwa yakini kwamba uongo wake utawaumiza watu wa uongo tu, angeandika. Lakini ungewaangukia wa kweli. Akaweka kalamu chini.

Ndege ilibeba magunia sitini na moja kwenda kilimani kwa akina Saynab. Hamsini na moja yaliyobaki yalikwenda kilima kingine, chenye orodha safi iliyopigwa chapa.

Jumamosi mchana Nasteha alishuka kutoka kwenye lori la askari, matope mpaka kwenye nyusi. Mama yake alimweleza kwamba Taip alikuja kumtafuta na akasimama mlangoni kama mgonjwa. Nasteha hata hakuoga, alikwenda ofisini moja kwa moja na mkoba wake. Abdille alikuwa ameketi, hakuna umeme. Alimsimulia yote kwa sauti ya chini, bila kujitetea. Wakaungoja umeme pamoja. Ulikuja alasiri.

Abdille aliiwasha mashine na kuvuta kiti nyuma. Nasteha akakivuta mbele tena, akaketi kwenye ukingo wake. Mashine ilipomaliza kujikagua, alibonyeza kitufe kimoja pembeni mwa kibodi, akakishikilia chini, hakukiachia.

Abdille alikitambua. Kila karani hukijua kitufe hicho kabla ya vingine vyote. Ni kile cha herufi kubwa. Alikuwa amekibonyeza mwanzoni mwa kila jina la mtu kwa miaka ishirini na zaidi. Alikibonyeza mara mia na kumi na mbili, na zaidi ya hapo, Jumamosi na Jumapili ile.

Mashine ikaamka. Kioo kikatulia, kitupu, rangi ya bahari. Saa haikuja. Kalenda haikuja. Abdille aligeuka kutazama mlango, kana kwamba walikawia njiani.

"Ukikishikilia wakati inaamka, hawaingii," alisema Nasteha. "Basi."

Alifungua orodha. Mia na kumi na mbili. Akaichapa, printa ikalia kama panzi, na karatasi ikatoka kabla umeme haujafika nusu ya muda wake.

"Umevifuta?" aliuliza Abdille.

"Sijafuta kitu. Vyote vipo." Kisha akamwonyesha kichochoro: chumba kidogo ndani ya mashine, na picha saba ndani yake, kila moja ina mshale mdogo uliopinda pembeni. "Hizi, adeer, si vitu vyenyewe. Ni vibao vya njia. Mashine ikiamka inakuja hapa, inasoma vibao, inakwenda kuwaamsha wenyewe. Nikitoa kibao, kisima hakikauki. Kipo palepale, mwenyewe akirudi atakikuta."

Abdille akasema, "Ungeniambia mwezi wa kumi na moja."

"Nilikuambia nitafuta. Wewe ukaifunika mausi." Hakusema kwa ukali. Baadaye, akitoa kibao cha mwisho, alisema kwa sauti nyingine, "Nami nilisema kufuta. Neno baya. Sikujua wewe unasikia nini."

Walitazama vyote saba vikiwa vimelala mahali pao, havijapungua. Angeweza kufanya hivyo tangu siku mzungu alipoondoka, na amana isingetikisika hata unywele. Jambo hilo Abdille alilishika mkononi, akaligeuza, hakujua aliweke wapi.

Orodha kamili ilipelekwa kwa shirika. Waliipokea vizuri, wakasema itaingia safari ijayo. Safari ijayo haikuwa na siku.

Jumanne redio ya kilimani ilirudi, kwa betri iliyoletwa na ndege. Abdille alimwuliza Mahat kuhusu unga kabla ya salamu kwisha. Mahat alisema umefika sitini na moja. Wazee walitandika mikeka, wakamwaga magunia yote pamoja, wakagawa kwa kopo, kaya mia na kumi na mbili, sawasawa. Nusu ya kutosha, lakini kila chungu kilichemka. Kisha akamwita Saynab.

Sauti ya dada yake ilikuja kutoka mbali. Hakuuliza hali yake. Alisema, "Abdille, walisoma karatasi mbele ya watu. Jina langu lilikuwa la nne. Jirani zangu hawakuwamo. Unga nimekula, lakini nimeula nikiona haya."

Abdille alibonyeza kitufe cha kusemea, akakiachia. Mahat akarudi, akataja habari nyingine: watoto wazima, maji yamepungua kidogo, mzee Galgallo Wario wa upande wa chini amefariki Ijumaa, Mungu amrehemu. Alikuwa mgonjwa tangu kabla.

Karatasi ilikuwa juu ya meza. Abdille aliipitia kwa kidole. Tisini na saba. Mmoja wa wale wawili waliobaki hewani.

Aliuliza kama ni homa au ni njaa. Redio ilikoroma. Aliuliza tena. Mahat akasema kitu, pengine alisema yote mawili, pengine alisema hatujui. Mawimbi yaliyachukua maneno, na muda wa redio ukawa umekwisha.

Kesho yake asubuhi umeme ulikuja. Abdille aliiwasha mashine. Mkono wake ulivuta kiti nyuma hatua mbili wenyewe, akaketi, mikono juu ya magoti. Baada ya dakika nne kioo kilikuwa tayari, kitupu, kikimngoja yeye. Alikaa vilevile mpaka umeme ukakatika.